Tuliwangoja Raundi ya Pili

Kazi yangu katika kampeni ile ilikuwa moja tu: kujua nani anatudanganya. Kwenye barua za kamati niliandikwa mratibu wa mahusiano, lakini mwenyekiti wetu, Manang Sabina, alikuwa akinitambulisha kwa watu kama mhesabu kura wake, na ndivyo nilivyokuwa. Kwa miaka miwili nilizunguka nchi za watu nikinywa kahawa na wajumbe wa kamati za michezo, na kila niliporudi San Vidal, mji wetu wa Ufilipino, niliulizwa swali lilelile: Lumen, tunazo ngapi?

Si kazi ngumu ukiizoea. Mjumbe anayekusifia mji wako kwamba ni mzuri ajabu hatakupigia kura. Anakuvisha kilemba cha ukoka ili uondoke mezani kwake. Anayelalamika kwamba hoteli ziko mbali na uwanja, akataka kujua mabasi yatapita wapi na watoto watakula saa ngapi, huyo ameshaanza kujiona yuko kwenu. Halafu kuna wale wa kukushika mkono kwa mikono miwili na kukuambia sisi ni ndugu. Hao ndio wanaonitia hasira kuliko wote, kwa sababu hata wenyewe hawajui kama wanasema kweli.

Tulikuwa tunaomba Michezo ya Vijana ya Asia na Pasifiki. Ndivyo mabango yalivyosema. Lakini Manang Sabina Nacionales, dada mkubwa wa kila mtu pale mjini na mwenyekiti wa ombi letu, hakujali sana sherehe wala bendera. Yeye alitaka kiwanja kilichoko kando ya mto, nyuma ya soko la samaki. Halmashauri ilikuwa imekitenga: San Vidal ikipewa michezo, pale linajengwa bwawa la kuogelea, ikikosa, kiwanja kinauzwa kwa watu wa majumba ya maduka, ambao walikuwa wameshakuja kukipima bila hata haya.

Sabina alikuwa mwogeleaji wa taifa enzi zake, na sasa anafundisha watoto. Anawafundishia kwenye bwawa la samaki la shemeji yake, pale samaki aina ya bangus wakishavunwa na vifaranga wapya hawajamwagwa. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, tope linaingia mpaka masikioni, na mahali pa kugeukia ni kigingi cha mwanzi. Watoto hao hao wanashinda mashindano ya mkoa. Mmoja wao alipopelekwa kwa mara ya kwanza kwenye bwawa la kweli, kule Manila, aligoma kuruka. Aliona chini, na maishani mwake hakuwahi kuogelea mahali anapoona chini.

Basi kila nilipochoka na viwanja vya ndege nilimkumbuka mtoto yule, nikaenda kunywa kahawa nyingine.

Mkutano mkuu wa kuchagua mji ulifanyika Penang, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Miji ilikuwa mitatu. Makassar ya Indonesia ilikuwa na viwanja vimesimama tayari. Sisi tulikuwa na michoro, lakini wakaguzi walipokuja walitupenda, tuliwalisha wakalala vizuri, na taarifa yao ilitoka nzuri. Wa tatu walikuwa Savannakhet, mji mdogo wa Laos kando ya Mekong, ambao wakubwa wa shirikisho waliwaomba waingie ili kinyang'anyiro kionekane ni kinyang'anyiro kweli. Kila mtu alilijua hilo, isipokuwa labda naibu gavana wao, ambaye alikuja na suti mpya na kamera.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kamati wanachama ni thelathini na moja, kila moja ina kura moja. Nchi yenye mji kwenye kinyang'anyiro haipigi kura mpaka mji wake utoke. Raundi ya kwanza, kwa hiyo, walikuwa wapiga kura ishirini na wanane. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, mji wenye kura chache unatoka, nchi yake inarudishiwa kura yake, na waliobaki wanapigiwa upya. Katikati ya raundi mwenyekiti anataja jina la aliyetoka tu. Idadi haisemwi mpaka mwisho kabisa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: sisi kumi na nne, Makassar kumi na moja, Savannakhet tatu. Savannakhet wangetoka, na raundi ya pili ingekuwa yetu.

Kilichokuwa kinaninyima raha ni ile tunayoiita kura ya heshima. Mjumbe ana rafiki ambaye mji wake hauwezi kushinda. Hataki rafiki yake arudi nyumbani na aibu. Basi raundi ya kwanza anamtupia kura yake, akijua kwamba raundi ya pili atarudi kwa mji anaoutaka kweli. Ni uungwana, na ungekuwa uungwana usio na madhara kama angeufanya mtu mmoja. Taabu ni kwamba kila mmoja anadhani ni yeye peke yake mwenye huruma humo ukumbini. Nikamwambia Sabina, nikamwambia na Meya: tusijionyeshe kwamba tumeshinda. Tuwaambie watu hali yetu ni mbaya, tunawahitaji tangu raundi ya kwanza.

Meya wetu, Crispulo Jalandra, ni mtu ambaye ukimwambia asiimbe anaanza kuimba. Kwenye chakula cha usiku wa kuamkia kura alipanda jukwaani na bendi ya hoteli, akaimba nyimbo mbili za mapenzi, ya pili akiwa amepiga goti mbele ya mama mmoja wa Fiji, kisha akanyanyua glasi na kuwaambia wajumbe wote, "Tutaonana San Vidal!" Ukumbi mzima ukampigia makofi. Hata Makassar walipiga makofi. Mimi niliweka uma chini.

Tulipokuwa tunarudi vyumbani tulimkuta Mwalimu Khamsing kwenye kona ya lifti, anausemesha ukuta. Yeye ndiye katibu wa kamati ya Laos, mwalimu wa michezo wa siku nyingi, na kesho yake ndiye angesimama kuitetea Savannakhet. Alikuwa anajifunza hotuba yake. Shati limelowa jasho mgongoni, ingawa kiyoyozi kilikuwa kinatutetemesha. Sabina akamuuliza kama ana wasiwasi.

"Wasiwasi wa kushindwa sina, dada," akasema. "Wasiwasi wangu ni sifuri. Miaka ile Hanoi niligombea nafasi, nikatoka kapa. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti: hakuna kura. Watu wakacheka. Hawakunicheka kwa ubaya, ila walicheka. Na safari hii nimekuja na mkubwa wangu."

Akasema usiku mwema, akarudi kwenye ukuta wake. Ndani ya lifti Sabina akaniambia kwamba aliwahi kumaliza wa mwisho kwenye mashindano fulani, nyuma sana, hata mtu wa ubao wa matokeo alikuwa ameshauzima wakati yeye bado yuko majini.

"Manang, usianze," nikamwambia.

"Nimeanza nini?"

"Nakujua."

"Nenda kalale, Inday," akasema, kama dada wa kwetu anavyomwita mdogo wake wa kike. "Uso wako umekuwa kama wa mtu aliyekula limau."

Asubuhi nilimwona kwenye kifungua kinywa, ameinamiana na Hajah Rokiah wa Brunei juu ya sahani za wali wa nasi lemak. Hawa wawili walishindana kwenye mabwawa tangu wasichana, na wakikutana huwa wanashikana mikono na kucheka mambo ambayo wengine hatuyajui. Rokiah alikuwa mmoja wa kumi na nne zangu, tena wa kuapia. Nikawapita nikaenda kuwabana watu wa visiwani, ambao walikuwa wanazungumzia kuondoka mapema.

Hotuba zilikwenda kama zilivyopangwa. Makassar walionyesha viwanja, sisi tukaonyesha watoto, na Mwalimu Khamsing alisoma yake yote bila kukosea, akashuka jukwaani akijifuta uso kwa leso. Alasiri wajumbe wakagawiwa vidude vya kupigia kura. Kazi ya kubonyeza kitufe haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mwenyekiti akapewa karatasi, akavaa miwani.

"Mji uliopata kura chache zaidi," akasema, "na ambao hautaendelea na raundi ya pili, ni San Vidal."

Meya alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Alisikia jina letu, hakusikia kilicholitangulia. Alipiga kama mara nne hivi peke yake, mpaka Sabina alipomshika mkono.

Mwenyekiti akatangaza mapumziko ya robo saa, tukatoka nje kwenye korido. Mimi nilikuwa nazipitia sura za watu kumi na wanne kichwani, mmoja mmoja, nikitafuta mwongo, na sikumpata. Kisha wakaanza kuja wenyewe.

Wa kwanza alikuwa mjumbe wa Fiji, machozi yanamlengalenga. Akamkumbatia Sabina. "Jamani, imekuwaje? Mimi nilikuwa nawangoja raundi ya pili."

Nyuma yake akaja bwana wa Mongolia, akasema maneno hayo hayo. Raundi ya kwanza alimpa Mwalimu Khamsing, kwa kuwa aliwahi kumwalika harusini, lakini ya pili ilikuwa yetu, yuko tayari kula kiapo. Samoa naye alikuwa anatungoja raundi ya pili. Bhutan pia. Bhutan alinishika mkono mimi, kwa mikono miwili, akaniambia hakuwa na wasiwasi hata kidogo juu yetu baada ya kumsikia Meya jana usiku. Nilitamani kumng'ata.

Wote walisema kweli, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hawakuwa wametusaliti. Walituona tuko salama, wakaenda kumsitiri mtu mwingine.

Halafu Hajah Rokiah akaja. Alisimama mbele ya Sabina, mtandio umemteleza, hakuuinua. "Sabina, mimi nimefanya kama ulivyoniomba," akasema.

Nikageuka kumtazama Manang wangu. Hakukwepa macho.

"Nilimwomba ampe Khamsing moja," akaniambia. "Moja tu, asitoke kapa. Ulisema tuna kumi na nne."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na mengine hayaandikiki. Sikuwahi kupata nafasi, kwa sababu wakati huo huo Meya alikuja anatembea haraka, na pembeni yake alikuwa Daeng Sitaba, mkuu wa ombi la Makassar. Daeng ni mzee mtaratibu, mwenye sauti ya chini, na huwa hapotezi maneno. Nchi yetu sasa ilikuwa imerudishiwa kura yake, na aliyekuwa na kitufe ni Sabina.

Daeng alimpa pole kwanza. Kisha akamwambia kwamba raundi ya pili haitakuwa nyepesi kama watu wanavyodhani, maana amesikia wajumbe kadhaa wamepandwa na hamu ya kumpa mji mdogo. Akampa neno lake: Ufilipino iwapigie Makassar leo, na mkutano ujao, miaka minne mbele, kura ya Indonesia na za marafiki zake zitakuwa za San Vidal.

Meya akamvuta Sabina kando, na mimi nikawafuata.

"Chukua hiyo," akamwambia. "Ukirudi na neno la Daeng, mimi naweza kusimama mbele ya madiwani nikasema kiwanja kisubiri. Ukirudi mikono mitupu, siwezi."

"Na Khamsing?"

"Khamsing hana mpango wa kushinda, Manang. Umeshampa heshima yake. Unataka umpe na nini tena?"

Sabina akaniangalia mimi. Nadhani alitaka nimwambie afanye nini, na mimi nilikuwa nimejaa hasira mpaka machoni. Nikamwambia kwa mara moja maishani mwake apige kura kwa akili.

Kengele ikalia, tukarudi ndani. Alikaa kiti chake cha mjumbe, mstari wa tatu, na mimi nyuma kwenye viti vya wageni. Nilimwona akikishika kile kidude kwa mikono miwili. Alikuwa miongoni mwa wa mwisho kubonyeza.

Makassar ilishinda. Kelele zikapanda, bendera zikatoka mikobani, watu wakakumbatiana. Idadi ikajitokeza kwenye skrini kubwa nyuma ya mwenyekiti, na sidhani kama kulikuwa na mtu mwingine humo aliyeisoma kama nilivyoisoma mimi. Raundi ya kwanza: Makassar kumi na moja, Savannakhet tisa, San Vidal nane.

Tisa na nane. Kura moja ikitoka kule ikaja huku, sisi tunabaki na wao wanatoka. Kura ile ya Rokiah, ya nasi lemak.

Kisha chini yake raundi ya pili: Makassar kumi na tano, Savannakhet kumi na nne. Marafiki wote waliokuwa wakitungoja sisi walikuwa wameihamishia huruma yao Savannakhet, na mji ambao hakuna aliyeutarajia ulikuwa umebakiza kura moja kushinda michezo. Kura hiyo alikuwa nayo Sabina. Nilimtafuta kwa macho nikamkuta bado ameketi, anaitazama skrini, na nikajua naye amepiga hesabu. Si ngumu, mtu anayefundisha kuogelea anajua vizuri sana moja ni kiasi gani.

Mwalimu Khamsing yeye alikuwa amesimama, mikono kichwani, anacheka. Kumi na nne! Alikuwa anamwonyesha naibu gavana skrini kwa kidole kama mtu anayemwonyesha mwenzake mwezi. Aliyeogopa sifuri sasa alikuwa na kumi na nne, na katika furaha yake hakuona kwamba ilibaki moja tu.

Usiku huo Makassar waliwaandalia watu wote chakula. Daeng Sitaba akapita meza kwa meza kushukuru. Alipofika kwetu Meya akamkumbusha lile neno, kwa utani, huku glasi ikiwa mkononi. Daeng akatabasamu kwa unyonge.

"Bwana Meya, tumepata kura kumi na tano," akasema. "Tangu magharibi nimeshashikwa mkono na watu ishirini na wawili, wote wanasema walitupigia. Mimi nawaamini wote. Nifanyeje? Kura ni siri. Neno langu lipo, lakini nimeshalitoa kwa wengi, na mkutano ujao Da Nang nao wanaomba."

Hakuwa anatucheza shere. Alisema kilichokuwepo. Nilimwonea hata huruma, mzee wa watu, ameshinda na amebaki na madeni ya fadhila asiyoweza kumlipa mtu. Alipoondoka, Meya aliweka glasi chini taratibu, akamwambia Sabina kwamba yeye amejaribu. Akatoka nje na simu. Sikuhitaji kuuliza anampigia nani, wanunuzi wa kiwanja walikuwa wanangoja.

Asubuhi tulikuwa chini kwenye sebule ya hoteli, mizigo miguuni, tunangoja gari la uwanja wa ndege. Sikuwa nimezungumza na Sabina tangu jana, na yeye hakunilazimisha. Mwalimu Khamsing akatokea kwenye lifti. Alikuwa amebeba kile kikapu chao kidogo cha mianzi chenye mfuniko, cha kuwekea wali wa kunata, kimefungwa kwa kamba nyekundu. Akamkabidhi Sabina kwa mikono yote miwili na kuinama.

"Rokiah ameniambia," akasema. "Umenitoa kwenye aibu, dada. Sitasahau."

Sabina akamwambia si kitu. Khamsing akaketi kwenye ukingo wa kochi, akaangalia kushoto na kulia kama mkubwa wake yuko karibu.

"Na mimi nilikuwa nimekuwekea yako," akasema. "Ya nchi yetu. Sikuweza kukwambia, maana naibu gavana alikuja akiamini tunashinda. Ningeanzaje kuahidi kura ya baada ya kushindwa naye yupo hapo? Lakini sisi tulikuja ili tutolewe raundi ya kwanza, dada Sabina. Nilijua hivyo tangu Vientiane. Tukishatoka tu, tunarudishiwa kura yetu, na kura yetu ilikuwa ya San Vidal, raundi ya pili."

Miaka miwili nilizunguka kuwatafuta watu wanaodanganya, na yule mmoja niliyemweka upande wa waombaji na kumpita kila siku kwenye korido, sikuwahi hata kumnunulia kahawa.

Sabina alikuwa anakizungusha kikapu mapajani. Ningekuwa mimi ningenyamaza. Gari lilikuwa linakaribia kufika, mtu mwenyewe amefurahi, na kura ni siri.

"Mwalimu," akasema, "jana raundi ya pili nimewapigia Makassar."

Niliona midomo ya Khamsing ikihesabu, kumi na tano, kumi na nne, na nikaona ilipofika. Furaha yote ya jana ilimshuka usoni.

"Ungetupigia sisi," akasema polepole, "tungeipata."

"Ndiyo."

"Hata mimi Makassar waliniahidi kitu, niwape kura yetu tukishatoka. Wewe walikuahidi nini?"

"Kiwanja kisiuzwe. Cha bwawa."

"Na kimeuzwa?"

"Nadhani kimeuzwa."

Akatingisha kichwa, na kicheko kikamtoka puani, kifupi, cha mtu aliyechoka. "Na mimi bwawa ningelitoa wapi?" akasema. "Kwetu wanaogelea mtoni." Akasimama, akamgusa Sabina begani, akaenda kwenye lifti bila kuaga. Kikapu alikiacha.

Ndani ya ndege Sabina alikifungua, akamega tonge, akanipa. Nikakataa. Akala peke yake, akitazama mbele.

"Sema tu, Inday."

"Sina la kusema."

"Ungekuwa wewe ungemwacha atoke kapa?"

"Ningemwacha," nikasema. "Tena mchana kweupe. Kwa ajili ya wale watoto ningemwacha."

Akatafuna akameza. "Ndiyo maana mimi nikakupa wewe kazi ya kuhesabu," akasema, "na kumbe ningekupa na ya kupiga kura."

Hapo hasira yangu iliniishia. Nikachukua lile tonge. Lilikuwa limepoa na kukauka, lakini nilikula, na tulimaliza kikapu kabla ya kutua.

Jumatatu nilipita nyuma ya soko la samaki. Kiwanja kilikuwa kimeshazungushiwa mabati ya rangi ya samawati, na fundi mmoja alikuwa juu ya ngazi anabandika picha ya jumba lenye vioo. Sikusimama. Niliendelea hadi kwa shemeji yake Sabina, maana nilijua bangus wamevunwa wiki ile na bwawa halina samaki.

Watoto walikuwa wamejipanga kwenye tuta, miguu kwenye tope, wanamngoja Sabina aanze kuhesabu. Walikuwa wanajua tumeshindwa. Mji mzima ulijua. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amewaeleza vizuri, na watoto wa kuogelea hupenda kujua umekosa kwa kiasi gani. Msichana mmoja mrefu, Ligaya, ndiye aliyeuliza.

"Manang, tulikosa kwa ngapi?"

"Kwa moja," Sabina akasema.

Wakaguna wote. Moja wanaijua, kwao ni kidole kugusa kigingi.

"Nani huyo aliyetunyima?"

Nilifikiri angesema kura ni siri. Lilikuwa jibu zuri tu, na la kweli. Sabina alikuwa anakunja suruali yake magotini ili ateremke nao majini, akamaliza kuikunja kwanza.

"Mimi," akasema. "Haya, ingieni."